Elimu ya naitrojeni imekwama daftarini

Mwishoni mwa mwaka 2024, likizo ilinikuta nyumbani kwetu Kiharu, Murang'a, nimeshika jembe badala ya kalamu. Mvua za vuli zilikuwa zimetulia kwa siku mbili tatu na maharagwe ya mama yameanza kutoa maua. Jirani yetu, mama mwenye heshima zake na mkulima hodari kuliko mimi, alipita njiani, akang'oa mche mmoja uliokuwa umelala, akaitazama mizizi yake, akashtuka. Mizizi ilikuwa imejaa vijidonge vidogo vidogo mfano wa punje za uwele.

"Haya ndiyo yaliyomaliza nyanya zangu mwaka jana," alisema. "Ng'oeni kabla hayajaenea."

Nasi tukang'oa. Kando yangu alikuwapo binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amenionyesha, kwa fahari iliyostahili, karatasi yake ya mtihani wa Biolojia. Alikuwa amechora mzunguko wa naitrojeni kwa mishale safi, kila mshale na jina lake la Kiingereza, na mwalimu alikuwa amempa alama zote bila kubakiza hata moja. Binti huyo huyo aliing'oa miche ile pamoja nasi, akaibeba kwa mikono yake miwili, akaitupa kwenye shimo la takataka.

Tulikuwa tumemaliza mistari minne alipotokea mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa somo la Kilimo. Alitwaa mche, akakibandua kijidonge kimoja, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani kilikuwa chekundu.

"Mwalimu, huu si ugonjwa?" mama aliuliza.

"Ugonjwa hauna rangi hii," alijibu. "Hii ni mbolea yenu mnayoitupa."

Binti alinigeukia. "Shangazi, kumbe ndicho hiki nilichokichora?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata mimi, na shahada zangu tatu, nilikuwa nimeng'oa mistari miwili kati ya ile minne. Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa udongo. Hata hivyo nimeshawishika kwamba kosa la siku ile lilikuwa kwa kiasi kikubwa kosa la lugha, na kwa hiyo linanihusu. Kabla ya kulieleza, yafaa kwanza tukumbushane jambo lenyewe, maana naamini wako wengi waliolisoma kama alivyolisoma binti yetu.

Hewa tunayoivuta, kwa kiasi cha asilimia 78, ni naitrojeni. Juu ya kila ekari ya Murang'a kuna zaidi ya tani 20,000 za gesi hiyo, na chini yake kuna mahindi yanayogeuka manjano kwa kuikosa. Sababu ni kwamba chembe mbili za naitrojeni hewani zimeshikana kwa fundo la mara tatu ambalo mmea hauna uwezo wa kulifungua. Binadamu alijifunza kulifungua mapema katika karne ya 20, pale Mjerumani Fritz Haber alipofaulu katika maabara mwaka 1909, na Carl Bosch akaigeuza kazi hiyo kuwa ya kiwanda kilichoanza kuzalisha huko Oppau mwaka 1913. Viwanda vya namna hiyo huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi na kani kubwa mno, na ndivyo vinavyotupatia mbolea za magunia hadi leo. Bakteria waliomo ndani ya kijidonge cha haragwe hufanya kazi ile ile katika joto la kawaida la udongo, chini ya miguu ya mkulima anayepalilia.

Jinsi wanavyoingia mzizini ni habari inayonivutia kama mtu wa lugha. Mzizi wa mmea wa jamii ya kunde hutoa kemikali fulani udongoni. Bakteria wanaohusika wakizitambua, nao hutoa kemikali zao za kujibu. Unywele wa mzizi huzitambua hizo pia, hujikunja na kuwakumbatia, kisha hufungua njia nyembamba ya kuwapitisha hadi ndani, na hapo ndipo nundu huanza kuota. Iwapo bakteria ni wa aina isiyoelewana na mmea huo, mlango haufunguki. Bakteria wanaoafikiana na soya, kwa mfano, hawaafikiani na maharagwe yetu ya kawaida. Sitaki kusema kwamba mimea inazungumza, maana wanafunzi wangu wa isimu watanicheka. Lakini ishara ipo, mwenye kuitoa yupo, mwenye kuipokea yupo, na asiyeijua huachwa nje.

Wakishakaa ndani, mmea huwalisha sukari na wao huulipa kwa amonia. Sukari hiyo si kidogo, kwa kuwa kazi ya kulifungua lile fundo hula nguvu nyingi. Kimeng'enya kinachoifanya huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe huihitaji hiyo oksijeni ili wapumue. Mmea umelitatua tatizo hilo kwa kutengeneza ndani ya nundu kitu cha jamii ya himoglobini, ndugu wa ile iliyomo katika damu yetu, ambacho huishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo. Hicho ndicho kilichokuwa chekundu chini ya ukucha wa yule mzee. Nundu likiwa jeupe au la kijani ndani, kazi haifanyiki au imekwisha. Likiwa jekundu au la waridi, kiwanda kinazunguka.

Sasa niseme juu ya jirani yetu, maana nisingependa msomaji amdhanie kuwa mjinga. Nyanya zake zilikuwa zimeshambuliwa kweli, na mizizi yake ilikuwa na uvimbe kweli. Uvimbe ule ulisababishwa na minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, ambao wataalamu huwaita minyoo fundo, na ambao wanaweza kuishambulia hata mizizi ya maharagwe. Aliyoyaona kwenye nyanya aliyakumbuka alipoyaona maharagwe, na huko ni kufikiri kwema kabisa. Alichokosa ni kipimo kimoja tu ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, hauwezi kuubandua bila kuukata mzizi. Nundu la bakteria limebandikwa ubavuni mwa mzizi, nawe ukilisukuma kwa kidole hutoka. Libandue, lipasue, tazama rangi. Basi.

Kwa nini kipimo hicho hakikumfikia? Kwa nini hakikumfikia binti aliyepata alama zote? Hapa ndipo ninapoingia na lawama zangu, na nyingi nazielekeza kwetu sisi walimu wa lugha.

Tazama kwanza jina la vijidonge vyenyewe. Nimewasikia walimu wakiviita vifundo, wengine vinundu, wengine vijidonge, na wengi hawaviiti kwa Kiswahili kabisa. Ukiviita vifundo, umeviweka nyumba moja na minyoo fundo, na jirani yetu hana kosa akiving'oa. Nundu ni neno lililo wazi zaidi: ng'ombe ana nundu na hakuna anayemdhania kuwa mgonjwa. Napendekeza nundu libaki kwa hawa wafadhili wetu na fundo libaki kwa minyoo, na tusichanganye.

Tazama pia jina la wakazi wa nundu. Katika mazungumzo ya kawaida bakteria huitwa vijidudu, na kijidudu kwa mzungumzaji wa kawaida ni kitu cha kupulizia dawa. Mwambie mkulima apake mbegu vijidudu kabla ya kupanda, uone atakavyokutazama. Hata kile kitendo chenyewe hakijapata neno lililotulia. Kiingereza hutumia kitenzi ambacho mwanafunzi wa Kenya hukijua kwa maana ya kutengeneza kilichoharibika. Mmoja aliwahi kuniuliza naitrojeni ya hewani iliharibikia wapi, na sikumwona kuwa mpumbavu. Kwa Kiswahili wako wanaosema kuganda, wako wanaosema kufungamanisha. Mimi naona kunasa kunatosha: naitrojeni inapita hewani huru kama ndege, nundu linainasa. Atakayeleta neno bora zaidi nitamfuata.

Si kwamba kazi hii haijaanzwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi yake sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Lakini istilahi iliyomo kamusini na isiyotamkwa darasani wala shambani ni sawa na mbegu iliyofungiwa ghalani. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Biolojia hukaa chumba kimoja cha walimu, hunywa chai kutoka birika moja, na hupitisha miaka bila ya mmoja kumuuliza mwenzake neno.

Ajabu ni kwamba wenyeji wa Murang'a wana ujuzi huu ndani ya lugha yao tangu jadi, ijapokuwa umelala. Kila mtoto wa Mgikuyu husimuliwa habari za Mũkũrwe wa Nyagathanga, huko Gaturi, mahali ambapo kwa mapokeo Gĩkũyũ na Mũmbi walianzia maskani yao. Jomo Kenyatta aliyaandika mapokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Ni wangapi wanaojiuliza mũkũrwe ni mti gani? Ni mti wa jamii ya kunde, ambao wataalamu huuita Albizia gummifera, nao hunasa naitrojeni. Kule Nyeri kuna mji wa Mũkũrwe-inĩ, maana yake mahali penye mũkũrwe, na hicho kiambishi cha mwisho ni ndugu wa -ni yetu ya nyumbani na shambani. Tumeyaita makao yetu kwa mti unaorutubisha ardhi, kisha tukajaza mipaka ya mashamba mgrevilea, ambao una faida zake za mbao na kuni lakini haunasi chochote hewani.

Majira nayo ni vivyo hivyo. Mgikuyu huuita msimu wa mvua za masika kĩmera kĩa njahĩ, na ule wa vuli kĩmera kĩa mwere. Mwere ni mwele wa Kiswahili, r ikisimama mahali pa l. Njahĩ ni ile kunde nyeusi yenye ukingo mweupe ambayo mama aliyejifungua hupikiwa mpaka leo. Yaani msimu mkubwa wa mwaka uliitwa kwa jina la mmea unaonasa naitrojeni. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka 1997 jinsi serikali ya kikoloni ilivyoyapigia debe maharagwe ya kuuza ng'ambo na jinsi njahĩ ya wanawake wa Kikuyu ilivyosukumwa pembeni. Maharagwe hayo asili yake ni bara la Amerika. Siyakatai, kwani bila ya maharagwe hakuna githeri ya mwanafunzi. Lakini yafaa ijulikane kwamba katika jamii nzima ya kunde, haragwe la kawaida ni miongoni mwa wavivu. Mara nyingi halifikishi kilo 50 za naitrojeni kwa hekta, ilhali soya iliyotunzwa inaweza kupita kilo 100.

Hapo pana kosa lingine ambalo nililisikia shuleni na bado nalisikia: kwamba ukipanda mahindi na maharagwe katika shimo moja, haragwe humlisha hindi. Ukweli ni mgumu kidogo. Haragwe lililo hai humpa jirani yake kidogo sana katika msimu huo huo. Faida kubwa ni kwamba halimnyang'anyi naitrojeni iliyomo udongoni kama ambavyo hindi jingine lingefanya, na kwamba majani, mashina na mizizi yake ikioza hulisha mazao yajayo. Sasa sisi Murang'a tunavunaje? Tunang'oa mmea mzima na mizizi yake, tunaubeba hadi uani, tunaukausha, tunaupura, mbegu zinaingia guniani na makapi yanaingia kwa ng'ombe. Samadi ya ng'ombe huyo mara nyingi huenda kwenye kahawa au migomba. Kisha tunashangaa kwa nini shamba la mahindi halioni faida. Kuikata miche kwa kisu na kuiacha mizizi ardhini, na kurudisha makapi au samadi palepale yalikotoka, hakuhitaji mkopo wa benki.

Nayo mbolea ya dukani tunaijua bei yake. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, ndipo serikali ilipoingilia na kuliteremsha hadi 3,500 mwezi Septemba, na hadi 2,500 mwaka uliofuata. Mwaka 2024 zikazuka habari za mbolea bandia zilizowatoa wakulima machozi. Ni wanafunzi wangapi wanaojua kusoma tarakimu zilizo kwenye gunia? DAP huandikwa 18:46:0. Tarakimu ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, kwa hiyo ndani ya kilo 50 mna kilo 9 tu za naitrojeni. Ile ya chai huandikwa 26:5:5. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, na ingewafaa wazazi wengi kuliko hesabu za matangi yanayojazwa na mabomba mawili.

Sisemi mbolea ya dukani itupwe. Mahindi hayaoti nundu, na ardhi ya milima yetu imelimwa mno. Tena bakteria wenyewe wana masharti. Udongo wa Murang'a ya juu, kuelekea Nyandarua, una asidi nyingi, na matumizi ya DAP mwaka baada ya mwaka huizidisha. Katika udongo wa namna hiyo vinundu huwa vichache na dhaifu, hadi mkulima atie chokaa. Vilevile nundu linahitaji fosforasi, ambayo udongo wetu mwekundu huishikilia kama bahili. Na ukimwaga naitrojeni nyingi ya dukani juu ya maharagwe, mmea huacha kuwaita bakteria. Kwa nini uwalishe sukari wakati chakula kiko mezani?

Palipo na upungufu wa bakteria wanaofaa, wanaweza kununuliwa. Huko Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kituo cha MIRCEN kilianzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na humo ndimo ilimotoka Biofix, bakteria walio hai wakihifadhiwa katika masalio ya kiwanda cha sukari. Baadaye kampuni ya MEA ya Nakuru ikapewa leseni ya kuitengeneza. Mkulima huilowesha mbegu kwa maji yenye gundi au sukari, akaichanganya na unga huo kivulini, akapanda siku iyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Jua likiwapiga, wanakufa. Ukiwachanganya na mbolea ya chumvichumvi, wanakufa. Pakiti ni ndogo na bei yake haikaribii ya gunia la mbolea. Hata hivyo, siku nilipouliza katika duka moja la pembejeo katika miji yetu hii, kijana wa kaunta aliniletea dawa ya kuua wadudu. Neno nililotumia lilikuwa vijidudu.

Mfano wa kutia moyo nimeuona pwani. Kule Bamburi, Mombasa, machimbo ya saruji yalikuwa yamebaki mwamba mtupu wa matumbawe. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje humo. Mvinje si wa jamii ya kunde, lakini nao una bakteria wake mizizini, wa ukoo mwingine uitwao Frankia, wanaounasia naitrojeni. Majani yake yakadondoka, majongoo wakayatafuna, udongo ukaanza kujengeka, na leo pale ni msitu ambao watoto wa shule hupelekwa kuutembelea. Wanaonyeshwa twiga na kobe. Sijui kama wapo wanaoonyeshwa mizizi.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Msimu ujao, wiki ya tano au ya sita baada ya maharagwe kuota, mwalimu wa Biolojia au wa Kilimo awatoe wanafunzi wake nje. Wachimbe miche michache kwa uma au jembe, wasiing'oe kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Wahesabu vinundu, wavipasue, waandike rangi. Wachimbe pia njahĩ, kunde, na kaliandra, ule mti wa malisho ambao wafugaji wa Mlima Kenya waliupokea tangu miaka ya 1990, walinganishe. Kisha mwalimu wa Kiswahili awatake waandike insha ya kumweleza nyanya yao walichokiona, bila neno hata moja la Kiingereza. Itakuwa kazi ngumu. Watakwama kwenye majina, watabishana, na pengine wataleta maneno ambayo sisi wa vyuoni hatukuyafikiria. Mtaala mpya wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi atende na si kukariri, nami sioni mahali pazuri zaidi pa kuupima kuliko mstari wa maharagwe.

Binti wa kaka yangu ameanza. Baada ya likizo ile alirudi shuleni na mche wa haragwe aliouhifadhi ndani ya karatasi ya gazeti, akaniandikia kwamba nusu ya darasa walidhani ni mgonjwa. Mama naye hakupanda maharagwe tena katika ile mistari minne. Mvua za masika zilipoanza mwezi Machi 2025, katika kĩmera kĩa njahĩ, alipanda njahĩ, na jirani yetu alikuja kuomba mbegu.